Pampu ya kondenseti ikigoma, anza kutazama kabla ya pampu

Nikiitwa kutazama mfumo wa mvuke, maneno ya kwanza ninayoambiwa mara nyingi ni haya: pampu ya kondenseti ni mbovu. Imeshafunguliwa mara mbili, sili zimebadilishwa, beringi ni mpya, na bado inapiga kelele. Huwa naomba tuiache pampu kwanza, twende kule maji yanakotoka.

Kondenseti ni mvuke uliokwisha kufanya kazi. Umetoa joto lake kwenye hita, kwenye chungu cha kupikia au kwenye roli za kukaushia, ukarudi kuwa maji. Lakini maji haya hayafanani na ya bombani. Yanatoka yakiwa ukingoni mwa kuchemka; ukiyapunguzia presha kidogo tu, sehemu yake inageuka mvuke tena. Mvuke huo nitauita mvuke wa pili, na nitautaja sana.

Chukua mvuke wa bar 7 kwenye geji. Joto lake ni nyuzi 170. Ukigeuka maji kwenye joto lilelile, kila kilo inabaki na kilojuli 721 hivi. Maji ya nyuzi 100 yaliyo wazi hewani hayawezi kushika zaidi ya kilojuli 419. Zile 302 zilizozidi zinachemsha sehemu ya maji yenyewe, na kwa kuwa kuchemsha kilo moja hudai kilojuli 2,257, asilimia 13 hivi ya kondenseti inakuwa mvuke mara tu inapovuka trapu, yaani vali inayojiendesha, inayoruhusu maji kutoka na kuuzuia mvuke. Kwa uzito ni kidogo. Kwa ujazo ni karibu bomba zima: mvuke huo unajaza lita 220 hivi, na maji yaliyobaki hayafiki lita moja. Anayechagua bomba la kurudishia kondenseti kwa kufikiria maji peke yake atachagua jembamba mno, na mengi ya matatizo yaliyo hapa chini yataanzia hapo.

Kabla ya kushika spana, usalama. Funga mvuke, funga na upande wa kurudi, weka kufuli, kisha toa presha polepole na usubiri geji ishuke. Kondenseti iliyofungiwa kati ya vali mbili inaweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 100 huku bomba likiwa kimya kabisa. Ukilegeza flanji, inakurukia usoni ikiwa nusu maji nusu mvuke. Tena bomba la kupumulia la tangi la kupokelea, lile kondenseti inamokusanyika kabla ya pampu, lisizibwe wala kuwekewa vali, hata kwa saa moja. Tangi lile halikujengwa kubeba presha.

## Pampu ya umeme inatafuna kokoto

Sauti ni ya kokoto zinazozunguka ndani ya ganda la pampu. Geji ya upande wa kutoa inacheza, ampea za mota zinapanda na kushuka, na maji yanayofika kwenye boila ni machache kuliko kawaida. Ukiitoa impela, yaani gurudumu linalosukuma maji ndani ya ganda, unaikuta imeliwa vishimo vishimo.

Kinachotokea ni kuwa maji yanachemka kwenye mdomo wa impela. Pale presha hushuka kidogo kabla ya kupanda. Kwa maji baridi kushuka huko hakudhuru, lakini kwa kondenseti ya nyuzi 98 kunatosha kuzalisha mapovu ya mvuke. Mapovu yakisogea mbele, yakakuta presha kubwa, yanajifunga ghafla, na kila povu linalojifunga karibu na chuma linakibandua chembe. Hiyo ndiyo kavitesheni.

Kitabu cha pampu kina namba iitwayo NPSH. Inaeleza mdomo wa pampu unadai mita ngapi za maji juu ya kiwango cha kuchemka. Sasa piga hesabu. Maji ya nyuzi 90 kwenye tangi lililo wazi yana akiba: hewa inayakandamiza kwa bar 1.01, yenyewe yanachemka presha ikifika bar 0.70, na tofauti hiyo ni sawa na mita 3.3 za maji. Maji ya nyuzi 100 hayana akiba yoyote. Pampu inapata kimo cha uso wa maji juu ya mdomo wake tu, ukitoa kinachopotea njiani kwa msuguano. Pampu inayodai mita 2, ikifungwa chini ya tangi lenye maji mita 1 juu yake, itafanya kazi vizuri miezi yote ambayo kondenseti inarudi imepoa, na itaanza kutafuna kokoto siku mabomba yatakapofunikwa kwa kizuia joto. Nimelishuhudia hili. Kazi ya kufunika ilikuwa nzuri, joto la tangi likapanda kama ilivyotakiwa, na wiki ileile pampu ikaanza kulia. Lawama zote zikamwangukia aliyeiuza.

Walio kwenye mwinuko wasisubiri kuona 100 kwenye kipimajoto. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka karibu na nyuzi 95, hivyo nyuzi 94 huko ni ukingo uleule ambao pwani ni 99.

Utafutaji uende hivi. Pima joto la maji ndani ya tangi. Pima kimo kutoka katikati ya impela hadi pale boya linapoizima pampu, kwa sababu hapo ndipo maji ni machache kuliko wakati wowote. Kagua bomba la kunyonyea: chujio lililojaa kutu, vali iliyofunguka nusu, kona zisizo na lazima, bomba jembamba kuliko mdomo wa pampu. Kisha nenda upande wa kutoa, ambao husahaulika. Pampu isiyokuta upinzani wa kutosha mbele yake hutoa maji mengi kuliko ilivyokusudiwa, na maji yakizidi, NPSH inayodaiwa nayo inapanda. Funga vali ya kutolea kidogo kidogo huku ukisikiliza. Kokoto zikinyamaza umepata jibu bila kufungua nati hata moja. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwa vali ya upande wa kunyonya. Huko utaongeza ugonjwa.

Tiba ya kudumu ni kuinua tangi, kushusha pampu, kupanua bomba la kunyonyea au kutafuta pampu iliyotengenezwa kwa NPSH ndogo. Wapo wanaomimina maji baridi tangini ili kelele iishe. Itaisha kweli. Lakini kama maji hayo hayakulainishwa umepeleka chokaa kwenye boila, na tangi likifurika umemwaga joto ulilolinunua.

## Bomba la kupumulia linatoa mvuke mwingi

Mwingi kuliko nini? Hilo ndilo swali la kwanza. Kwa mfano wetu wa bar 7, kila kilo 1,000 za kondenseti zinazofika kwa saa zitatoa kilo 130 hivi za mvuke wa pili, hata kama trapu zote ni nzima. Mvuke huo ni stahili ya fizikia, na ukiona unakuuma, weka chombo cha kuutenganisha na uupeleke kwenye hita ya presha ndogo.

Kinachotia shaka ni mabadiliko. Mvuke uliokuwa ukitoka kivivu sasa unatoka kwa kasi na mlio, na mashine nyingi zikizimwa haupungui. Hapo kuna trapu iliyobaki wazi. Tundu la mm 5 kwenye bar 7 linaweza kupitisha hadi kilo 80 za mvuke kwa saa, usiku na mchana.

Kabla ya kuhukumu trapu, shika kila vali ya baipasi, njia inayoizunguka trapu. Mtu alifungua baipasi asubuhi ya kuwasha mashine ili hewa itoke haraka, akaitwa kwingine, ikabaki wazi. Nimekuta baipasi ya namna hiyo imeshika kutu ikiwa wazi.

Sasa trapu zenyewe. Wengi huelekeza kipimajoto cha miale kwenye bomba baada ya trapu, wakisoma nyuzi 100 wanaandika "inavuja". Kipimo hicho hakitenganishi kitu. Maji na mvuke wa pili vinavyotoka kwenye trapu nzima viko kwenye joto linalolingana na presha ya bomba la kurudi, na mvuke uliovuja ukichanganyika na maji hayo unasomeka vilevile. Kipimajoto kinakamata vizuri kosa moja tu: trapu iliyopoa, yaani imeziba au imefungiwa. Kwa trapu iliyobaki wazi, tegemea sikio au jicho: kifaa cha kusikiliza mawimbi ya sauti za juu, au kioo cha kuangalizia kilichofungwa baada ya trapu.

Kila aina ina mlio wake. Trapu ya kisahani hugonga tak, ikatulia, ikagonga tena. Ikigonga mfululizo kama cherehani, kisahani na kiti chake vimelika. Trapu hiyo pia haipendi presha ya nyuma: bomba la kurudi likiwa na zaidi ya asilimia 80 ya presha inayoingia, huenda isifunge kabisa hata ikiwa mpya. Trapu ya ndoo hutoa kwa vipindi, na ikipoteza maji yake ya ndani inabaki ikipuliza tu. Trapu ya boya hutoa mfululizo kulingana na maji yanavyokuja, kwa hiyo hiyo inadai sikio lililozoea. Linganisha na jirani yake yenye mzigo unaofanana.

Haya yanahusuje pampu? Mvuke wa trapu mbovu unapandisha joto la tangi hadi mwisho wake, kisha bomba la kupumulia likiwa jembamba tangi linapata presha. Presha hiyo inarudi nyuma hadi kwenye kila trapu na kuipunguzia nguvu ya kutoa maji. Trapu moja iliyobaki wazi inatosha kufanya tano nzima zionekane zimeziba. Ndiyo maana sikubali kubadilisha trapu "zote kwa pamoja" kabla ya kusikiliza moja moja.

## Pampu inayosukumwa na mvuke haitoi maji

Pampu hii haina mota wala impela, kwa hiyo haina kavitesheni, na ndiyo ninayoipendelea pale kondenseti inapokaribia kuchemka. Kondenseti inaingia kwa uzito wake kupitia vali ya njia moja. Boya linapanda. Likifika juu, springi inaruka: njia ya kupumulia inafungwa, njia ya mvuke wa kusukuma inafunguka, na maji yanasukumwa nje kupitia vali ya pili ya njia moja. Boya likishuka, springi inaruka kinyume na mzunguko unaanza upya. Ukiushika mwendo huo kichwani, ugonjwa wake unasomeka kwa mkono na sikio.

Ganda limepoa na pampu kimya: maji hayafiki. Tafuta vali iliyofungwa, chujio lililoziba, au vali ya njia moja iliyofungwa kinyume na mshale wake. Hilo la mwisho ni kosa la siku ya kufunga, na hutokea zaidi ya inavyokubaliwa.

Ganda ni la moto, limejaa, na halisukumi: linganisha presha mbili. Presha ya kusukuma lazima izidi presha ya nyuma, ambayo ni kimo cha kupandisha maji, msuguano wa bomba na presha iliyomo kwenye bomba kuu la kurudi. Kila mita 10 za kupanda ni karibu bar 1. Pampu iliyofungwa miaka iliyopita kupandisha mita 6 ikaunganishwa baadaye na bomba kuu lenye presha ya bar 2 haijaharibika. Imebadilishiwa kazi bila kuambiwa mtu. Presha zikiwa hazina tatizo, tazama chujio la mvuke wa kusukuma, kisha fungua kifuniko na uangalie springi na boya. Boya lililotoboka utalijua ukilitikisa: linachezesha maji ndani.

Inazunguka upesi upesi lakini tangi halipungui: vali ya njia moja upande wa kutoa haifungi, na maji yaleyale yanasukumwa, yanarudi, yanasukumwa tena. Katika utulivu kati ya mizunguko, funga vali ya kutolea iliyo mbele yake. Kama pampu iliyokuwa ikijaa upesi sasa inajaa polepole, mkosaji ni huyo. Ifungue tena upesi, kabla mzunguko mmoja haujapita.

Inajaa polepole mno, kondenseti inarudi nyuma hadi kwenye mashine: njia ya kupumulia ya pampu haipumui. Bomba lake linatakiwa kuteremka lenyewe hadi tangini au kupanda wima hadi nje. Likiwa na tumbo linaloshika maji, hewa na mvuke vinakwama ndani ya ganda na maji hayana nafasi ya kuingia. Angalia pia kimo cha kujazia juu ya pampu, kile kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Nusu ya kimo hicho inapunguza uwezo wa pampu bila kuharibu kitu chochote unachoweza kukiona.

Njia ya kupumulia inapuliza mvuke bila kukoma: ama vali ndogo ya mvuke wa kusukuma imelika, ama trapu za juu zinapitisha. Funga mvuke wa kusukuma kwa dakika moja. Upulizaji ukikoma, tatizo ni vali hiyo. Ukiendelea, rudi kwenye trapu.

Pampu hizi zikiwekewa kihesabu mizunguko, zidisha mizunguko kwa lita zinazotoka kila mzunguko, utajua kondenseti yako kwa siku. Sijui kipimo cha bei nafuu kuliko hicho kwenye chumba cha boila.

## Bomba linagonga

Mlio wa nyundo kwenye bomba la kurudi usizoeleke. Unavunja trapu, unatoboa boya, unapasua kona za bomba, na umewahi kuua watu waliokuwa karibu.

Kilo moja ya mvuke kwenye presha ya hewa ina ujazo wa mara 1,600 hivi wa maji yake. Mvuke ukiingia kwenye bomba lililojaa maji yaliyopoa, unageuka maji papo hapo, nafasi kubwa inabaki tupu, na maji ya pande zote mbili yanakimbilia kuijaza. Yakikutana, unasikia kishindo.

Chanzo ninachokikuta zaidi ni trapu zilizounganishwa moja kwa moja kwenye bomba la maji yanayosukumwa na pampu, kwa sababu lilikuwa karibu na lilionekana lina nafasi. Bomba la pampu limejaa maji. Bomba la trapu linapaswa kuwa na maji chini na mvuke wa pili juu, likiteremka hadi tangini, na upana wake uhesabiwe kwa mvuke huo, kasi isizidi mita 15 hadi 20 kwa sekunde. Ni mabomba mawili ya kazi mbili. Tiba ni kuyatenganisha. Pale isipowezekana kabisa, tumia trapu ya boya inayotoa polepole mfululizo badala ya ile inayotoa kwa mafungu, na uingize kupitia bomba lenye matundu madogo ndani ya bomba kuu ili mvuke uvunjwe uwe mapovu madogo.

Kama kugonga ni wakati wa kuwasha tu, tafuta bomba lililolegea kati ya vishikio likatengeneza tumbo la maji, na usikilize mwendo wa anayefungua vali kuu asubuhi. Kama kulianza ghafla kwenye mfumo uliokuwa kimya, tuhumu trapu iliyobaki wazi.

## Hita inajaa maji mzigo ukipungua

Hili linawasumbua hata wenye uzoefu, kwa sababu hita inafanya kazi barabara ikiwa na mzigo kamili na inaleta shida ikipumzika. Joto la bidhaa linapanda na kushuka, hita inagonga, na trapu ikifunguliwa haina kasoro.

Fuata vali inayorekebisha mvuke. Bidhaa ikikaribia joto linalotakiwa, vali inajifunga, na presha ndani ya hita inashuka. Presha ikishuka hadi kulingana na ya bomba la kurudi, hakuna tena kinachosukuma maji kupita trapu. Hita inakwama, maji yanapanda kwenye mirija.

Unaweza kujua itakwama wapi kabla ya kufungua kitu. Tuseme hita inapasha maji kutoka nyuzi 40 hadi 60, mtiririko haubadiliki, na kwenye mzigo kamili mvuke ndani yake ni wa bar 4, yaani nyuzi 152. Wastani wa maji ni 50, tofauti ni 102. Mzigo ukipungua, tofauti inapungua kwa kiasi kilekile, na wastani wa maji unasogea kuelekea 60. Kwa sehemu ya mzigo nitakayoiita M, joto la mvuke linakuwa 60 + 92M. Kwenye nyuzi 100 mvuke hauna presha yoyote ya geji. Hapo M ni 0.43. Chini ya asilimia 43 ya mzigo, hita hiyo inaingia kwenye ombwe. Na kama kondenseti inapandishwa mita 5 baada ya trapu, inahitaji bar 0.5 hivi ili kupanda, ambayo ni mvuke wa nyuzi 111.5 hivi. Kukwama sasa kunaanza kwenye asilimia 56. Bomba la kupanda mita 5 limekula sehemu kubwa ya kazi ya hita, na hakuna trapu kubwa itakayolirudisha.

Kama trapu inateremsha maji kwa uzito wake hadi tangi lililo wazi, weka vali ya kuvunja ombwe, inayoingiza hewa, juu ya hita na hakikisha trapu iko chini vya kutosha. Kama lazima maji yapande, au hewa haitakiwi ndani ya mvuke, tumia pampu na trapu vilivyounganishwa: presha ikiwapo trapu inafanya kazi, ikikosekana pampu inachukua zamu.

## Tangi la maji ya boila limepoa

Kila nyuzi 6 zinazopotea kwenye maji ya boila ni karibu asilimia 1 ya mafuta. Soma mita ya maji mapya kila siku, saa ileile. Ikipanda na uzalishaji haukupanda, kondenseti inamwagwa mahali fulani: vali ya kutoa nje iliyoachwa wazi, tangi linalofurika kwa sababu pampu imeshindwa, au vali ya kugeuza maji machafu iliyonasa upande wa mfereji. Mita ikiwa palepale lakini joto limeshuka, nenda ukatazame mabomba yaliyovuliwa kizuia joto wakati wa matengenezo na hayakuvishwa tena.

## Bomba linatoboka kwa chini

Mfereji uliochimbwa sakafuni mwa bomba na hesi zilizoliwa hadi kuwa nyembamba ni kazi ya kaboni dioksidi. Bikaboneti zilizomo kwenye maji mapya huvunjika ndani ya boila kwa joto, gesi inasafiri na mvuke, na kondenseti ikipoa gesi inayeyuka humo na kutengeneza asidi ya kaboniki. Vishimo vya duara vilivyozama vinasema oksijeni, na oksijeni mara nyingi imeingia wakati mfumo umezimwa na kuvuta hewa.

Pima pH na chuma kwenye sampuli iliyopozwa bila kugusana na hewa. Kemikali ziitwazo amini, za kupandisha pH, husaidia, lakini mvuke ukigusa chakula uliza kwanza zipi zinaruhusiwa. Kupunguza bikaboneti kwenye maji mapya husaidia zaidi. Na kondenseti yenyewe ni dawa: ukirudisha zaidi, maji mapya yanapungua, bikaboneti inapungua, na bomba linaishi.

## Kondenseti imechafuka

Boila linatoa povu, au pH yake imeanguka ghafla. Mita ya upitishaji umeme ikiwapo kwenye bomba la kurudi, itaona chumvi, magadi na maji magumu. Haitaona sukari wala mafuta, kwa sababu hayo hayapitishi umeme. Penye sukari tumia kipimo cha alfa-naftoli, usingoje boila likuambie. Sukari ikifika humo huvunjika kuwa asidi.

Bidhaa yenye presha ndogo kuliko mvuke huingiaje upande wa mvuke? Rudi kwenye hita iliyokwama. Ombwe likijijenga, mrija wenye ufa unaivuta bidhaa ndani, na mzigo ukirudi mvuke unaisukuma yote kuelekea tangini. Kwa sababu hiyo sampuli zinazochukuliwa mchana, hita zikiwa na mzigo kamili, huwa safi. Geuza kondenseti kwenda mferejini, kisha chukua sampuli kwenye kila hita peke yake, katika dakika chache za mwanzo baada ya kuwashwa kutoka kwenye mapumziko.